Bustani ya Mboga ya Familia: Furaha Inayopandwa Upya Kila Mwaka



 Katika toleo hili tumeona vema tuzungumzie jambo dogo kwa ukubwa wake, kwa kuwa halizidi vitanda vinne au vitano vya udongo nyuma ya jiko. Ni bustani ya mboga ya familia. Tumeandika mara nyingi kuhusu visima, mifugo na vikundi vya kuweka na kukopa, lakini bustani tumekuwa tukiitaja kwa mstari mmoja tu katika taarifa, na tunaona deni hilo tulilipe sasa.

Wageni wanaotutembelea huuliza swali moja, nasi tunakiri kwamba ni swali zuri. Wanapanda kutoka Mbeya, wanapita Isongole penye baridi, wanateremka kuelekea Tukuyu, na njia nzima ni kijani. Mvua hapa Tukuyu hupita milimita 2,000 kwa mwaka, udongo ni wa volkano, na migomba huota hata pale ambapo hakuna aliyeipanda. Ndipo mgeni anauliza: watu wa mahali kama hapa wanahitaji kufundishwa kulima mboga?

Jibu letu ni kwamba kijani kinachoonekana kutoka barabarani ni chai, migomba, mahindi na miparachichi. Mboga huonekana mtu akiingia uani, na nyumba nyingi hazina. Chakula kipo, tena cha kushiba. Mtoto anakula ndizi, anakula ugali, anakula viazi, na siku nyingi kitoweo ni maharage au mchuzi mwepesi tu. Anashiba lakini hajengeki vizuri.

Hili si la Rungwe peke yake. Utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba asilimia 30 ya watoto wa Tanzania walio chini ya miaka mitano wamedumaa, na mikoa iliyoongoza ilikuwa Iringa, Njombe na Rukwa. Hiyo ni mikoa jirani zetu wa Nyanda za Juu Kusini, ileile inayolisha mikoa mingine kwa mahindi. Katika mikoa hiyo mitatu waliodumaa walikuwa nusu ya watoto au karibu na hapo, na Iringa walipita nusu. Kwa hiyo ghala lililojaa halitoshi kutuhakikishia afya ya mtoto. Hatusemi kwamba mboga peke yake huondoa udumavu. Yapo maziwa ya mama, mayai, maji safi, choo, malaria, na mapumziko ya mama mjamzito. Lakini mboga za majani ndizo zilizo karibu na uwezo wa kila nyumba, hata ya mjane asiye na ng'ombe. Zina madini ya chuma kwa ajili ya damu, vitamini A kwa macho na kwa kinga ya mwili, na folati ambayo mama huihitaji tangu kabla ya mimba na katika majuma yake ya kwanza, wakati ambapo wengi bado hawajajua kwamba ni wajawazito. Ndiyo maana hatushauri kusubiri mpaka mama aanze kliniki ndipo nyumba ianze kutafuta mboga.

Sasa turudi nyuma kidogo na kusema ukweli juu ya kazi yetu wenyewe.

Tulipoanza kuhimiza bustani, tulifanya kama miradi mingi ifanyavyo. Tulinunua mbegu za pakiti, za kabichi, karoti, spinachi na nyanya, tukagawa katika mitaa ya sharika pamoja na makeni ya kumwagilia. Tulikuja mwezi wa Julai tukakuta vitanda vimejaa, tukahesabu, tukapiga picha akina mama wakiwa wamesimama na kabichi kubwa mikononi, tukaandika taarifa. Wafadhili walifurahi na sisi tulifurahi. Mwaka uliofuata hatukugawa mbegu. Tuliporudi Julai ile nyingine, bustani nyingi zilikuwa zimerudi nyasi, na makeni yalikuwa yakichotea maji ya ng'ombe. Tulipouliza, jibu lilikuwa la adabu na la wazi: mbegu za mradi ziliisha.

Katika mtaa mmoja, hata hivyo, tulikuta uwanja wa bibi mmoja umejaa mnafu, mchicha na majani ya maboga, umepangika kuliko hata mwaka wa kwanza. Jina lake halikuwa katika orodha yetu, kwani hakuwahi kupewa pakiti. Tukamwomba atuonyeshe mbegu alizipata wapi. Alituingiza jikoni akashusha kifurushi cha kitambaa kilichoning'inia juu ya mafiga, cheusi kwa moshi. Ndani yake mlikuwa na vifurushi vingine vidogo. Alituambia kwamba mnafu ule ulitoka kwa mama mkwe wake, naye anaupanda kila mwaka tangu alipoolewa. Tulimwambia, “Ndaga fijo, bibi.” Akacheka, akatufungia kidogo tukapande na sisi.

Pale jikoni ndipo tulipojifunza kwamba swali la bustani halipo katika mwaka wa kwanza. Mwaka wa kwanza kila mtu hupanda, kwa sababu kuna semina, kuna mgeni, kuna pakiti ya bure. Swali ni kama mwaka wa pili na wa tatu nyumba itapanda bila kuambiwa, na hilo linategemea mambo mawili zaidi ya yote: mbegu na ardhi. Tuanze na mbegu.

Mbegu nyingi za pakiti ni chotara. Huzaa vizuri sana mara moja, lakini ukitunza mbegu zake, kizazi kinachofuata hakifanani na mzazi, kingine kikubwa, kingine kidogo, kingine hakifungi kabisa. Si mbegu mbaya. Anayelima kabichi kwa ajili ya soko anazihitaji, na ana fedha ya kurudi duka la pembejeo kila msimu. Isitoshe, kabichi, karoti na kitunguu hazitoi mbegu katika msimu wake wa kwanza, zinataka kuvuka kipindi cha baridi zikiwa shambani, na familia nyingi huwa zimekwisha kuzila. Mbegu ya kitunguu nayo haidumu. Ikipita mwaka huota kwa shida. Kwa hiyo tulikuwa tumeanzisha bustani zetu kwa mboga ambazo mama wa kawaida hawezi kuziendeleza mwenyewe.

Mboga za asili ni rahisi zaidi. Mnafu huachwa miche mitatu au minne iliyo bora bila kuchumwa majani, mpaka vitunda vyake viwe vyeusi na laini. Vinapondwa ndani ya maji, mbegu nzuri huzama, maganda humwagwa, kisha mbegu huanikwa kivulini siku kadhaa. Mchicha hukatwa vichwa vyake vikikauka, hupukuchwa na kupepetwa kwenye ungo. Maboga huchukuliwa mbegu katika boga lililokomaa kabisa, siyo lile la kupika. Chainizi nayo hutoa mbegu upesi, huvunwa vifuko vikianza kuwa vya kahawia, ila isiwe karibu na jamaa zake nyingine zenye maua wakati huo, maana nyuki huchanganya. Baada ya hapo adui ni unyevu, na hapa Tukuyu unyevu tunao wa kutosha kugawia mikoa mingine. Kifurushi juu ya mafiga si ushamba hata kidogo. Moshi na joto huzuia ukungu na wadudu. Chupa kavu yenye kizibo na majivu kidogo ndani nayo inafaa.

Kuhusu msimu, tunaomba kamati zisitumie kalenda za vijitabu vilivyoandikwa kwa ajili ya sehemu kame. Vijitabu hivyo vinasema panda mvua inapoanza. Kwetu mvua kubwa za Machi na Aprili huua bustani. Matone huzika mbegu, maji husimama kwenye vitanda, konokono hula miche usiku, na ukungu humaliza nyanya. Bustani nzuri ya Rungwe huanza mvua zinapopungua. Kitalu husiwa katikati ya Mei chini ya kichanja kidogo cha majani ya mgomba, miche huhamishwa jioni mwezi wa Juni ikiwa na majani manne au matano, kisha baridi na ukungu wa Juni na Julai huipa unyevu bila mtu kubeba ndoo. Kuanzia Agosti hadi Oktoba ndipo kazi ya kumwagilia huja, na ndipo mboga huwa na thamani kubwa mezani kwa kuwa kwingine zimeadimika. Mwezi wa Novemba mvua zikirudi, vitanda hupumzika, nyumba hula majani ya maboga na ya maharage kutoka kwenye mahindi. Ukanda wa juu wa Isongole hucheleweshwa na baridi, kabichi na karoti huenda vizuri kuliko mchicha. Wa chini, kuelekea Kyela, mchicha na matembele hukua haraka lakini maji huhitajika mapema zaidi.

Kitanda kiwe na upana wa mita moja hivi, ili mkono ufike katikati bila kukanyaga. Kiinuliwe kiasi cha shubiri moja, kikate mteremko badala ya kushuka nao. Samadi iwe imeoza kabisa, kwani samadi mbichi huunguza miche na kuleta sota. Juu yake matandazo ya nyasi au majani makavu ya mgomba. Jambo moja ambalo wengi hawalijui ni kwamba mnafu, nyanya, bilinganya na viazi mviringo ni ndugu wa ukoo mmoja, hushirikiana magonjwa. Kitanda kilichokuwa na viazi mwaka huu kisipandwe nyanya mwakani, kipewe maharage au mchicha. Na uzio. Tumeona bustani nyingi zikimalizwa na kuku kuliko na ugonjwa wowote, na ugomvi wa kuku wa jirani umewahi kufika mpaka kwa wazee wa kanisa. Fito na miiba iwekwe kabla ya mbegu.

Sasa ardhi, na hapa ndipo penye uzito.

Rungwe ina watu wengi na mashamba ni madogo. Miaka ya karibuni parachichi la Hass limeleta fedha ambayo wazee wetu hawakuiona katika kahawa wala katika ndizi. Tunamshukuru Mungu kwa hilo. Tumeona watoto wakilipiwa masomo na nyumba zikiezekwa bati kwa miparachichi. Lakini tumeona pia kinachotokea uani. Baba anapotafuta nafasi ya miche mingine kumi, macho yake huangukia kile kipande kilicho karibu na jiko, chenye rutuba ya majivu na samadi ya miaka mingi. Kipande hicho hakina bei sokoni. Hakuna aliyewahi kukileta kwenye mahesabu ya nyumba, kwa sababu mboga iliyoliwa haiachi risiti. Kinang'olewa kwa siku moja.

Tulitembelea nyumba moja ya namna hiyo. Mama alikuwa na vitanda vitano, na miche ya parachichi ikapandwa juu yake alipokuwa amekwenda kwenye msiba kwao. Hakulalamika mbele yetu, alisema tu kwamba siku hizi ananunua. Lakini mti uliobebeshwa huchukua miaka mitatu hivi kabla ya mavuno ya maana, na katika miaka hiyo mitatu fungu la mboga la kila siku lilitoka kwenye fedha yake ya kuuza ndizi Kiwira. Siku ambayo fedha haikuwepo, mboga haikuwepo. Katika nyumba ile kulikuwa na mtoto wa mwaka mmoja na nusu. Parachichi litakapozaa atakuwa amevuka umri ambao mwili wake ulihitaji mboga ile kuliko wakati mwingine wowote.

Tulikaa na baba huyo, pamoja na mwinjilisti wa mtaa. Hatukumgombeza. Tulipima naye kwa hatua nafasi kati ya mche na mche, mita saba hivi, tukamwonyesha kwamba kwa miaka mitatu ya kwanza kivuli cha mti hakijafika katikati. Vitanda vinaweza kurudi humo, na samadi na maji ya mboga hunufaisha mti pia, mradi jembe lisikate mizizi iliyo karibu na shina. Tahadhari ni moja: pale panapopulizwa dawa za wadudu, mboga ya kuliwa isiwepo, kwa hiyo kama mashina ya jirani hupulizwa, vitanda vikae mbali. Alikubali. Mti ukishakua, vitanda vihamie upande mwingine wa nyumba, na hilo tulimwomba aliahidi mbele ya mkewe, siyo mbele yetu.

Wapo wanaosema kwamba bustani ni kazi ya akina mama tangu zamani. Monica Wilson, aliyeishi na kufanya utafiti kati ya Wanyakyusa katika miaka ya 1930 pamoja na mumewe Godfrey, alieleza kwamba kazi ya kulima kwa jembe ilikuwa ya wanaume na vijana wao, na akina mama walipanda na kupalilia. Vijana walilala katika vijiji vyao wenyewe vya marika, lakini walirudi kulima shamba la baba na kula kwa mama. Baba anayeshika jembe nyuma ya jiko hajavunja mila yoyote ya Konde. Pengine ameirudia.

Na parachichi lenyewe lisionekane kama adui. Vitamini A iliyomo katika majani mabichi huhitaji mafuta ili mwili uipokee. Mboga iliyochemshwa kwa maji na chumvi tu hupoteza sehemu ya faida yake tumboni. Kijiko cha mafuta, karanga zilizotwangwa, au kipande cha parachichi kando ya sahani vyote hufanya kazi hiyo, na parachichi la kienyeji hapa kwetu huoza chini ya miti. Nyanya au ndimu kidogo husaidia mwili kupata madini ya chuma. Mboga zisichemshwe mpaka zigeuke rangi, wala maji yake yasimwagwe.

Tumesema kichwa cha habari hiki ni furaha, na msomaji anaweza kuuliza iko wapi kati ya konokono na samadi. Sisi tunaiona wakati wa kusia kitalu. Ni kazi ndogo ambayo watoto wanaruhusiwa kuifanya bila kufokewa. Mtoto wa miaka mitano anachora mstari kwa kijiti, anaangusha mbegu, anafunika, na kesho asubuhi kabla ya uji yuko pale akichimbua kuona kama imeota. Juma zima ni hivyo. Kisha siku moja kuna mstari mwembamba wa kijani na nyumba nzima inaitwa kuja kuona, hata babu. Tumeingia katika nyumba nyingi kwa shughuli za mradi, nyingine zenye huzuni, na hatukumbuki nyumba ambayo mtoto hakutuvuta mkono kwenda kutuonyesha kitanda chake. Watoto hao hao, ambao mama zao hulalamika kwamba hawali mboga, hula ile waliyoipanda wenyewe, tena hugombania. Mwaka unaofuata furaha hiyo haijachakaa, kwa sababu mbegu ni ileile na mtoto amekua.

Furaha nyingine iko kanisani. Wote mnaujua mnada wetu baada ya ibada, ndizi, mayai, jogoo aliyefungwa miguu. Katika sharika ambako bustani zimeendelea, kuanzia Agosti mafungu ya mnafu na karoti yamekuwa yakiletwa kama sadaka. Mjane asiye na noti ana kitu cha kuweka madhabahuni, na kinanunuliwa kwa bei ya heshima.

Kwa wafadhili wetu tunasema hivi: tumebadilisha namna ya kuhesabu. Hatutaandika tena idadi ya bustani za mwaka wa kwanza kama mafanikio. Tutawaletea hesabu ya nyumba zilizopanda mwaka wa tatu kwa mbegu zao wenyewe. Namba hiyo itakuwa ndogo kuliko mlizozizoea, nasi tunaomba mtuvumilie. Fedha iliyokuwa ya kununua pakiti sasa inakwenda kwenye usafiri wa wainjilisti na viongozi wa akina mama wanaotembelea nyumba mwezi wa Mei, na kwenye mitungi ya kuhifadhia mbegu ya mitaa.

Kwa kamati za sharika, tunaomba kila usharika utenge kitanda kimoja katika kiwanja cha kanisa kwa ajili ya kuzalisha mbegu tu, kisivunwe majani hata mgeni akija. Wanafunzi wa kipaimara wakitunze. Jumapili mojawapo mwanzoni mwa Mei, mara baada ya matangazo, wenye mbegu wazilete na wasio nazo wachukue, bila fedha. Anayechukua kikombe kimoja cha chai cha mbegu ya mnafu arudishe viwili mwaka ujao.

Mbegu tuliyopewa na yule bibi tuliipanda nyuma ya ofisi, ikazaa vizuri. Tunayo ya kutosha kugawia kila usharika kifurushi kimoja. Makatibu wa kamati wanaohitaji waagize kupitia kwa mchungaji wao kabla ya mwisho wa Aprili, na waje na kitambaa au chupa kavu ya kubebea.